Maamuzi ya usiku yafanywe mchana: simu yako, pombe na kinga ya VVU

Ijumaa, saa nane usiku, Mtwapa. Muziki umepanda, chaji ya simu imebaki asilimia tisa, salio la M-Pesa limeishia kwenye chupa ya tatu, na boda wa kukurudisha Kisauni hakubali mkopo. Mtu asema, "Twende, nitakufikisha." Saa hiyo hata msichana aliyesoma kila kijitabu cha VVU hana cha kumsaidia kuamua. Aliyoyasoma hayajapotea. Yamelala tu, kama yeye mwenyewe anavyotamani kulala.

Mimi ni mwelimishaji rika huku Pwani ya Kenya. Mwongozo huu nimeuandika kwa msichana mtu mzima anayekunywa na anayetaka kubaki bila VVU, na kwa rafiki au mhudumu anayemsaidia. Wazo lake ni moja: unalotaka litokee saa nane usiku, liamue saa nane mchana, liweke kwenye simu, kisha tafuta mtu wa kukaa upande wa pili wa simu hiyo.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja la hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wanawake 818 wa Mombasa wanaofanya kazi ya ngono na ambao unywaji wao ulikuwa umefika kiwango cha hatari. Kundi moja lilipewa vikao sita vya ushauri mfupi kuhusu pombe, jingine likafundishwa lishe. Waliopata ushauri walipunguza pombe, na miezi sita baadaye walikuwa bado wameipunguza. Lakini maambukizi ya VVU na magonjwa ya zinaa hayakutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo usiitegemee kazi moja ikufanyie nyingine. Punguza pombe kwa sababu ya pombe, na kinga yako ipange kivyake, iwe inafanya kazi hata usiku ambao mpango wa pombe umekushinda.

Hatua ya 1: Kagua ni nani mwingine anayeisoma simu yako

Simu ya mpenzi anayeijua nambari ya siri, simu inayochajiwa dukani, simu ya mama ambayo wadogo zako huchezea: zote hizi ni simu za watu wengi. Badilisha nambari ya siri kwanza. Kisha nenda kwenye mipangilio ya arifa uzuie maandishi ya ujumbe yasijitokeze kwenye kioo kilichofungwa. WhatsApp inakuruhusu kuyafungia mazungumzo fulani kwa siri, na kuweka jumbe zijifute baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hakuna hayo, hivyo futa ulizopokea, futa ulizotuma (hizi husahaulika), na futa orodha ya simu ulizopiga.

Ukiiachia kliniki nambari yako, waambie waziwazi kama wanaweza kukuandikia na waandike nini. Kumbusho la "njoo uchukue dawa" likisomwa na mtu asiyefaa linaweza kuvunja nyumba. Na ukibadilisha laini, wajulishe, maana laini iliyoachwa muda mrefu hupewa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea habari zako.

Hifadhi nambari hizi tatu za Kenya, zote za bure: 1190 ya vijana kuhusu afya ya uzazi na VVU, 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali, kuhusu pombe na dawa za kulevya, na 1195 ya waliofanyiwa ukatili. Zipe majina ya kawaida. Mmoja wa wenzangu ameiandika 1195 "Fundi Cherehani". Msomaji wa Tanzania ana 199 ya Wizara ya Afya.

Hatua ya 2: Hesabu unachokunywa, na uhesabu kwa vipimo

"Nakunywa wikendi tu" ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote, na mara nyingi msemaji hadanganyi. Hajahesabu tu.

Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo kimoja chenye gramu 10 za pombe halisi. Ukitaka kujua chupa yako ina vipimo vingapi, zidisha mililita zake kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, zidisha kwa 0.8, kisha gawa kwa 1,000. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa vipimo 2. Robo ya kinywaji kikali, yaani mililita 250 za asilimia 40, ni vipimo 8. Mzinga wa mililita 750 ni 24, hivyo wasichana watatu wakiumaliza kila mmoja ameondoka na bia nne kichwani, ingawa walisema walikunywa "chupa moja". Mnazi hauna lebo. Huanza kuchacha tangu unapogemwa, na wa jana ni mkali kuliko wa asubuhi, kwa hiyo ukiukadiria, kadiria kwa kuzidisha.

Sasa jibu maswali matatu, uyaandike kwenye sehemu ya maandishi ya simu. La kwanza, unakunywa mara ngapi? Kamwe ni 0, mara moja kwa mwezi au chini ya hapo ni 1, mara 2 hadi 4 kwa mwezi ni 2, mara 2 au 3 kwa wiki ni 3, mara 4 na zaidi kwa wiki ni 4. La pili, siku ya kunywa huwa unamaliza vipimo vingapi? Kimoja au viwili ni 0, vitatu au vinne ni 1, vitano au sita ni 2, saba hadi tisa ni 3, kumi na zaidi ni 4. La tatu, ni mara ngapi unafikisha vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja? Kamwe ni 0, chini ya mara moja kwa mwezi ni 1, kila mwezi ni 2, kila wiki ni 3, kila siku au karibu kila siku ni 4.

Jumlisha. Kwa mwanamke, 3 na kuendelea inatosha kuwa ishara ya hatari. Mchukue huyu wetu wa wikendi: Ijumaa na Jumamosi (3), bia tatu kila usiku ambazo ni vipimo sita (2), na sita hizo huzifikisha kila wiki (3). Amepata 8. Namba hiyo haimwambii kwamba ni mlevi. Inamwambia kwamba pombe tayari inamgharimu kitu, na ni vizuri akitafute kitu hicho ni nini.

Mwanamke na mwanamume wenye uzito sawa wakinywa sawasawa, pombe hupanda zaidi katika damu ya mwanamke, maana mwili wake una maji pungufu ya kuizimua. Ini nalo husafisha takriban kipimo kimoja kwa saa. Kahawa, maji baridi na supu vitakuamsha, lakini havitaliharakisha.

Simama hapa kama asubuhi mikono inatetemeka au unatoka jasho mpaka upate glasi ya kwanza. Wewe usiache ghafla ukiwa nyumbani peke yako. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupatwa na kifafa au kuona mambo yasiyokuwapo ndani ya siku mbili tatu za kwanza. Nenda hospitali, au piga 1192, upunguze ukiwa chini ya uangalizi. Mjamzito naye hatafuti kiwango salama, kwa kuwa hakijulikani. Anaacha kabisa, kwa msaada uleule.

Hatua ya 3: Andika mpango wa mistari miwili

Mistari miwili tu. Wa kwanza ni namba na siku: "Jumamosi pekee, bia mbili, naanza saa mbili usiku." Wa pili ni sababu, na iwe ya kwako hasa. "Afya" ni neno la kliniki. "Nimechoka kuamka nisijue nani alinirudisha" ni sababu.

Uweke mpango huo kama kengele ya simu yenye maandishi, ilie saa moja kabla ya muda wako wa kutoka. Hata kabambe ina kengele. Kila unapofungua kinywaji, andika alama moja. Ukiona kuandika ni aibu mezani, hamisha sarafu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, uandike asubuhi.

Jambo jingine ambalo vijitabu vya afya havigusi: mkopo wa simu. Fuliza hukuruhusu kulipa zaidi ya salio, na baa zinalipwa kwa simu. Pesa ikiisha ndipo wengi zamani waliamka wakaenda nyumbani, lakini siku hizi pesa haiishi. Unaweza kujiondoa kwenye huduma hiyo, nami naona hilo peke yake litapunguza chupa kuliko bango lolote ukutani.

Hatua ya 4: Mtafute wa kukuuliza "Mambo?"

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote.

Kuanzia mwaka 2007, watafiti nchini Kenya walijaribu kitu chepesi mno kwa wagonjwa 538 walioanza ARV, dawa za kudhibiti VVU. Kila Jumatatu muuguzi aliwatumia nusu yao ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alipaswa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyesema shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu. Baada ya mwaka, asilimia 62 ya waliopokea ujumbe walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wale wengine, na virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48. Ujumbe wenyewe haukutaja dawa, haukutaja VVU, haukumfundisha mtu chochote.

Baadaye, Mombasa, wanawake 860 wa umri wa miaka 16 hadi 34 wanaofanya kazi ya ngono walishiriki jaribio jingine la SMS. Kundi moja lilipokea kwa mwaka mzima jumbe zilizoandikwa kwa ustadi kuhusu afya ya uzazi, na lilinganishwa na kundi lililotumiwa jumbe za lishe. Mimba zisizotarajiwa hazikupungua kwa kiasi cha kupimika. Majaribio haya mawili hayakutafuta kitu kimoja, na mtaalamu atanionya nisiyaweke kwenye mizani moja. Lakini mimi niliyepokea na kutuma SMS nyingi za miradi nimejifunza kwamba ujumbe wa kukufundisha unasomwa na kupitwa. Ujumbe wa kukuuliza unasubiri jibu, na nyuma yake kuna mtu.

Basi mtafute mtu huyo. Asiwe mpenzi wako, wala mwenzako wa meza moja ambaye Ijumaa atakuwa amelewa kuliko wewe. Binamu, jirani, mwelimishaji rika au mhudumu wa afya wa jamii, yeyote asiye na mdomo na asiyependa kuhubiri, anafaa. Mwombe hivi:

"Shoga, nina jambo. Kila Alhamisi jioni na kila Jumapili asubuhi nitumie 'Mambo?' Nikijibu sawa, basi. Nikijibu shida, nipigie. Nisipojibu hadi jioni yake, nipigie pia. Usiniulize nimekunywa ngapi mbele za watu."

Alhamisi ni kabla ya wikendi, wakati mpango bado unaweza kurekebishwa. Jumapili asubuhi imewekwa kwa sababu ya saa 72, tutakazozifikia. Simu nyingi za Android huruhusu kuandika SMS leo na kuipangia siku ya kwenda, hivyo rafiki yako hana sababu ya kusahau.

Na wewe unayeuliza: ukiambiwa shida, swali lako la kwanza liwe "Uko wapi, uko salama?" Mengine yatangoja. Usiseme "si nilikuambia", maana ukilisema mara moja, Jumapili ijayo utajibiwa "sawa" na mtu asiye sawa. Usihifadhi kwenye simu yako jina lake likiwa na habari yake ya afya. Nawe pia uwe na mtu wa kukuuliza "Mambo?", kwani kubeba shida za wengine kunachosha.

Kuhusu programu za simu zenye rangi na michoro, pakua ukipenda. Nimeona kadhaa nzuri zikifa siku ufadhili wa mradi ulipoisha. SMS ya rafiki haina mfadhili.

Hatua ya 5: Kinga isiyosubiri uwe na akili timamu

Kondomu ni kinga nzuri, na inazuia pia kisonono, kaswende na mimba. Ila inadai kitu kimoja kigumu: watu wawili waelewane usiku, mmoja akiwa amelewa. Ndiyo maana nasisitiza PrEP, dawa inayotumiwa kabla ya hatari ili kuzuia VVU, kwa msichana anayekunywa. Kenya ilianza kuitoa kwa upana mwaka 2017. Ni kidonge kimoja kila siku kwa asiye na VVU, naye hupimwa kwanza. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani linasema kinga hukamilika baada ya siku 7 za kumeza mfululizo. Vituo vingine hutaja hadi siku 21, nawe fuata utakavyoambiwa na mhudumu wako, ukitumia kondomu katika muda huo. Ule mtindo wa kumeza viwili kabla ya tendo na kimoja kimoja baadaye haukupangwa kwa ajili ya wanawake.

Pombe haiivunji nguvu PrEP. Wengi hukiruka kidonge siku waliyokunywa wakidhani vitagombana tumboni, na hivyo wanakosa kinga usiku wenyewe wanaoihitaji. Meza, hata kama umekunywa. Tatizo la kweli ni kusahau, basi kengele iwe ya asubuhi, pamoja na mswaki, isiwe ya saa tatu usiku ambapo simu iko ndani ya mkoba na mkoba uko chini ya meza. Umesahau? Meza unapokumbuka, usimeze viwili kulipiza.

Kichupa cha vidonge hulia kama kayamba ndani ya mkoba, na anayekisikia huamua ni ARV. Sokomeza pamba kidogo juu ya vidonge.

Kwa asiyeweza kidonge cha kila siku kuna njia nyingine, na inafaa kuuliza kituoni zipi zimefika. Kuna pete ya dapivirine ya kuvaa ukeni kwa mwezi, sindano ya cabotegravir ya kila miezi miwili, na lenacapavir ya mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walichomwa lenacapavir na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Pete na sindano hizi hazidai ukumbuke kila asubuhi, na kwa mnywaji hilo ni jambo kubwa.

Piga simu kabla ya kulipa nauli. Tangu Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025, vituo kadhaa rafiki kwa vijana vimefungwa au huduma zao zimehamishiwa hospitali za kawaida. 1190 watakuelekeza kilicho wazi.

Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Kwa ufupi, maana kazi kubwa imeshafanyika. Kula kabla ya kutoka. Chaji simu ijae. Nauli ya kurudi mtumie rafiki aliye nyumbani, akurudishie utakapomwandikia. Mtumie pia mahali ulipo kupitia WhatsApp, kwa saa nane, ambao ndio muda mrefu zaidi inaouruhusu. Kondomu ziwe zako, mkobani mwako. Kinywaji ulichokiacha mezani ukaenda msalani, kiache moja kwa moja. Mchele, yaani dawa ya kulevya inayotiwa kinywajini kwa siri, unawekwa hata kwenye glasi za wasichana. Na neno la kuitana: ukimwandikia rafiki "umelisha paka?", akupigie mara moja akuambie kwa sauti ya juu kwamba unahitajika nyumbani.

Hatua ya 7: Asubuhi, na saa 72

Ukiamka na hujui kilichotokea, au unajua na kondomu haikuwepo, au ilipasuka, au ulilazimishwa, na hutumii PrEP au umekuwa ukiiruka, saa imeanza kukimbia. Dawa ya dharura ya kuzuia VVU, PEP, lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyofaa. Ikiwa ilitokea usiku wa kuamkia Jumamosi saa nane, mlango unafungwa usiku wa kuamkia Jumanne saa hiyohiyo. Ukisubiri "wiki ianze", umebaki na Jumatatu peke yake, na Jumatatu kuna foleni. Hospitali kubwa zina idara ya dharura Jumapili. Nenda, useme neno moja: "PEP." Vidonge vinamezwa siku 28, hivyo weka kengele siku hiyohiyo.

Usijipime nyumbani asubuhi hiyo ukafarijika. Kipimo cha leo hakijui lolote kuhusu jana usiku. Huchukua wiki kadhaa, hadi miezi mitatu, kuonyesha maambukizi mapya. Utapimwa kituoni kabla ya kuanza PEP, na tena baadaye. Na kipimo cha kujipima kikionyesha mistari miwili wakati wowote, hilo bado ni dokezo tu hadi kithibitishwe kituoni. Siku ya kujipima, rafiki yako wa "Mambo?" awe anajua.

Uliza pia kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kinaweza kutumika ndani ya saa 120, ila cha mapema ni bora.

Ukiwa umelazimishwa, piga 1195. Usioge, usifue. Nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi au uzifunge kwa gazeti, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Nenda hospitali kwanza, polisi baadaye. Matibabu hayasubiri fomu ya polisi ya P3. Hospitali ya Rufaa ya Pwani, Mombasa, ina kituo maalumu cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili. Hata kama ulikuwa umelewa chakari, hilo halimpi mtu ruhusa, na mhudumu akikuuliza "ulikunywa nini" jibu lako ni la kitabibu tu.

Hatua ya 8: Baada ya wiki nne

Rudia maswali matatu. Ukitoka 8 ukafika 5, umepunguza, hata kama hukufuata mpango kila Jumamosi. Badilisha mstari wa kwanza uendane na ulichoweza, wa pili usiuguse. Ukibaki palepale au ukapanda, mpango wa simu umefika mwisho wake, na sasa unahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana: mshauri kupitia 1192 au daktari wa afya ya akili katika hospitali ya kaunti. Huzuni ya muda mrefu na pombe huenda pamoja, na ukitibu moja bila nyingine utarudi hapohapo.

PEP yako ya siku 28 ikiisha na kipimo kikiwa safi, uliza siku hiyohiyo kuhusu kuhamia PrEP. Wengi huondoka na furaha ya majibu, wakarudi Mtwapa bila chochote mkobani.

Leo ikiwa si Ijumaa, una muda. Mwandikie yule uliyemfikiria uliposoma hatua ya nne. Anza na "Shoga, nina jambo."